Kobe wa Fundi Milango

Shemeji yangu ni seremala, na mtaani wanamwita Bwana Vipimo. Futi ya chuma haimtoki mfukoni. Ukimkaribisha chakula, atapima kwanza upana wa meza, kisha akuambie kwamba aliyeitengeneza alikuwa kipofu. Kazi yake hasa ni milango, na majivuno aliyonayo kwa milango sijayaona hata kwa watu waliojenga madaraja. Nimemstahi miaka ishirini na sita kwa sababu amemwoa dada yangu. Sasa heshima hiyo imeniisha, ndiyo maana nasimulia.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, mteja wake mmoja aliyekuwa anahama alimwachia kobe mdogo wa kuenea kwenye bakuli. Dada aliuliza swali moja tu: "Huyu atakua mpaka wapi?"

Shemeji akacheka. "Kobe ni kobe, mke wangu. Akizidi sana atafika sinia."

Hakumuuliza mtu yeyote, maana hajawahi kumuuliza mtu kitu. Kumbe kobe huyo alikuwa wa ile jamii ya makobe wakubwa kabisa, wanaoishi hata miaka mia na zaidi. Wakampa jina Mgeni. Mgeni akapita sinia, akapita beseni, akapita meza ya sebuleni. Akapewa chumba cha nyuma, kile ambacho dada alikuwa amekitenga kwa ajili ya cherehani yake. Cherehani ikahamia pembeni ya kochi, na mpaka leo ipo hapo, ukikaa vibaya inakuchoma ubavu.

Mnyama mwenyewe sina la kumlaumu, isipokuwa uvivu. Anakula, anajisaidia, anafumba macho. Shemeji anamwita mwerevu. "Huyu ananijua," hutuambia, kifua mbele. "Akisikia hatua zangu tu, anainua shingo." Anainua shingo kwa yeyote mwenye majani mkononi, nimemjaribu mwenyewe kwa kabichi. Na kwa kuwa shemeji ana miaka sitini na mmoja, ameshatutangazia kwamba siku akiondoka, mimi na dada tutamrithi Mgeni. Anatamka hivyo kwa sauti nzito, kama anatuachia shamba.

Ubavuni mwa chumba cha Mgeni ndipo lilipo jiko la dada, na vyumba vyote viwili vimeegemea ukuta mmoja wa nyuma. Jiko halina dirisha. Dada amepikia mkaa humo tangu aolewe, na miaka minane sasa anakohoa. Hospitali walimwambia wazi kwamba akiendelea kuvuta moshi ule, mapafu hayatamfikisha mbali. Kupikia nje mumewe alikataa, eti wateja watamwona mtu wa ovyo. Basi akaomba dirisha. Mke wa fundi wa milango na madirisha, anaomba dirisha.

"Ule ukuta wa nyuma ndio umebeba paa," shemeji akamjibu. "Ukiutoboa, nyumba nzima inatukalia."

Ameomba mara ngapi sijui. Mara nne mimi nilikuwepo, na mara zote nne jibu lilikuwa hilo hilo, na kidole kikionyesha juu.

Miaka miwili iliyopita jirani alilalamika kwamba Mgeni amelala juu ya mboga zake. Shemeji akanuna, akamfungia kobe ndani "mpaka watu wajifunze ustaarabu." Akawa anamlisha humo humo asubuhi na jioni, na kobe akawa anatanuka tu. Mwezi uliopita Mgeni akaanza kuburuta miguu ya nyuma. Daktari wa mifugo akaja, akamgusagusa, akasema, "Huyu anataka jua. Asipotolewa nje kila siku, mtampoteza."

Tukamvuta kwa vipande vya tikiti mpaka mlangoni. Gamba likagonga miimo yote miwili, wa kulia na wa kushoto, likakwama. Bwana Vipimo akatoa futi yake. Mlango, sentimita sabini. Mgeni, sabini na sita. Na mlango ule aliutengeneza yeye kwa mikono yake. Hata miimo ingeng'olewa, korido ya mbele ina kona ambayo mnyama wa ukubwa ule asingeweza kuikata. Daktari aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mimi sikugeuka. Nilicheka nikimtazama shemeji usoni, na sijutii.

Kesho yake asubuhi nilimkuta na nyundo na patasi, anabomoa ukuta wa nyuma. Ule ule uliobeba paa. Kufika saa nne, tundu lilikuwa pana la kupitisha mkokoteni, na paa halikuwa limedondosha hata vumbi. Mgeni akajikokota nje, akajilaza juani. Shemeji machozi yakamlengalenga kwa furaha. Miaka ishirini na sita, sijawahi kuona chozi lake kwa kikohozi cha dada yangu.

Dada alisimama kwenye tundu lile, akalitazama paa kwa muda mrefu. Nilidhani atapiga kelele, na nilikuwa tayari kumsaidia. Yeye aliingia jikoni akatoka na jiko la mkaa, akaliweka katikati ya chumba cha kobe. Akarudi kuchukua sufuria, halafu kigoda. Akawasha moto, na moshi ukatoka moja kwa moja uani.

Shemeji akaja mbio, nyundo mkononi. "Sasa Mgeni atalala wapi?"

"Jikoni," dada akasema. "Kule hakuna upepo, hatapata baridi."

"Lakini mke wangu, mlango wa jikoni hapiti."

Dada akapepea moto, akakohoa kidogo, akafunika sufuria.

"Basi vunja ukuta," akamwambia.