Njia ya Nyanya Nyuma ya Maghala

Mama alinipigia simu Jumamosi moja, theluji ikiwa imekwisha kuondoka, mimi niko jikoni kwangu Columbus nasonga ugali. Hakunisalimu. Kama ungemfahamu mama yangu ungejua hiyo peke yake ni habari, maana yeye husalimia hata watu waliokosea namba.

“Mji umetuma karatasi,” alisema. “Mudogo wako alinisomea kwa simu toka Louisville, lakini anasoma mbio sana, sisikii kitu. Wanasema bataunganisha bustani, na piscine, na uwanja ya mupira, na kijito, yote ikuwe kitu moja, watu batembee bila gari. Kuna mukutano. Bon, kuja unitafsirie.”

Aliposema piscine, lile bwawa la kuogelea, nilizima moto nikakaa. Ugali uliharibika. Nilikuwa nimerudi miaka mingi nyuma, dirishani, ghorofa ya tatu, pua yangu imegandamana na wavu wa kuzuia mbu.

Mji wetu ni mdogo, uko kusini ya Buffalo. Zamani uliishi kwa chuma. Chuma kilipoondoka yakabaki maghala, reli zisizo na treni, na barabara moja pana iliyoukata mji vipande viwili. Sisi tuliletwa huko kutoka kambi ya wakimbizi nikiwa na miaka tisa, mdogo wangu saba. Tulikuwa wanne: mama, sisi wasichana wawili, na nyanya, mama yake mama, aliyezeeka kwenye milima ya Kivu ya Kusini akichunga ng'ombe. Mama alipata kazi ghalani, kufunga maboksi tangu asubuhi hadi jioni. Nyanya akabaki na sisi.

Likizo kubwa ya kwanza ilikuwa ya joto. Nyumba ilinuka maharagi yaliyochemka tangu alfajiri, na sombe, yaani majani ya muhogo, ya barafu tuliyonunua kwenye duka la Myemeni wa kona. Asubuhi tulikuwa na kazi zetu: kupiga deki, kuchagua mawe kwenye maharagi ingawa maharagi ya Amerika hayana mawe, kukunja nguo. Nyanya hakuamini kwamba kuna maharagi yasiyo na mawe. “Mukitafuta vizuri mutaona,” alisema, na sisi tukatafuta. Kazi zikiisha, tulikimbilia dirishani.

Kutoka pale tuliona bwawa. Lilikuwa ng'ambo ya barabara pana, buluu kama kitu kilichopakwa rangi, na kelele za watoto zilitufikia zikichanganyika na honi za malori. Lilikuwa bure, la watu wote. Lakini barabara ile haikuwa na mahali pa mtu wa miguu. Ilitengenezwa kwa wenye magari, na sisi hatukuwa na gari.

Siku moja mdogo wangu aliniambia anakwenda kutupa takataka. Nilimwona kutoka dirishani, taulo shingoni, amesimama ukingoni mwa barabara. Nikapiga kelele. Akakimbia.

Gari lilimgonga mguu. Mpaka leo naikumbuka sauti ya breki kuliko sauti yake. Jirani wetu wa chini, mzee mjane aliyefanya kazi ya chuma maisha yake yote, ndiye aliyefika wa kwanza; alisimama katikati ya barabara amepanua mikono, magari yakasimama. Nyanya alishuka ngazi zote bila viatu, akaketi kwenye lami ya moto, akamweka mdogo wangu kichwa mapajani. Hakulia. Alikuwa anamwita kwa majina yote ya ukoo, moja baada ya jingine, kama mtu anayekusanya ng'ombe kwenye ukungu.

Mama alifika hospitalini na koti lake la kazi, lile la kung'aa. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili, ila mtoto mzima. Mama akashukuru Mungu, kisha akageuka akasema, “Kuanzia leo hakuna mutoto atatoka mulango ile.” Na mama akisema neno, limesemwa.

Tukafungiwa. Mdogo wangu na plasta yake ngumu ya mguuni kwenye kiti, mimi na maharagi yangu. Nyanya alivumilia siku kadhaa. Halafu akaanza kusema peke yake akisafisha sufuria: “Ng'ombe ukimufungia siku mingi, hata ukimupa majani mazuri, maziwa inakauka.” Tulicheka. Lakini nilimwona anavyotuangalia, na nikaona miguu yake ilivyokuwa imevimba kwa kukaa.

Asubuhi moja alivaa viatu vyake vya kanisani, akachukua fimbo, akatoka peke yake. Akarudi baada ya saa nzima, sketi imejaa vijimbegu vya kunata. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Mimi nilikaa nikimtoa vijimbegu, yeye akinywa chai ya maziwa. Baadaye nilielewa. Kule milimani kazi yake tangu utotoni ilikuwa hiyo: ng'ombe wakifika penye jabali, mtu lazima atangulie atafute pa kupitia. Sasa jabali letu lilikuwa barabara ile, na nyanya alikuwa ametangulia.

Alichokigundua ni hiki. Nyuma ya maghala kulikuwa na reli ya zamani iliyomezwa na magugu. Ukiifuata, barabara ile pana inapita juu yako, kwenye daraja, na wewe unapita chini yake pakavu. Ukitokea upande wa pili unakuta uwanja wa shule, halafu kijito chembamba, halafu bustani yenye bwawa. Hugusi lami hata kidogo. Kila kitu kilikuwa kimekaa karibu na kingine miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kupita.

Jioni alimwambia mama wazi. Mama alitazama mguu wa mdogo wangu kwenye plasta. Mwisho akasema, “Kama barabara hawaigusi, mama, sawa. Lakini kama kuna kitu, mimi nitakufa.” Nyanya akamjibu, “Hautakufa. Batoto bakule kwanza.”

Tulianza plasta ilipotoka. Nakumbuka siku ile ya kwanza kuliko siku yangu ya harusi. Nyanya mbele na fimbo, mdogo wangu anachechemea, mimi nyuma na mfuko wenye mahindi ya kuchemsha, mandazi na chupa ya chai. Tulipofika chini ya daraja, malori yakanguruma juu ya vichwa vyetu na mdogo wangu akakataa kwenda mbele. Akasema kwa Kiingereza, kwa maana tayari alishaanza kutujibu kwa Kiingereza, kwamba anataka kurudi nyumbani. Nyanya hakuelewa maneno ila alielewa. Akamshika mkono, akangoja lori lipite. “Unasikia?” akasema. “Inapita juu. Siye tuko chini, haituoni.” Tukapita.

Kwenye kijito tulirukaruka juu ya mawe. Wiki ya pili tulikuta ubao mpana umewekwa, umefungwa kwa waya pande zote. Jirani yetu mzee alikuwa ametuona tukipita. Hakujua Kiswahili, nyanya hakujua Kiingereza, lakini siku ile alimpelekea sahani ya sombe, naye akala yote amesimama mlangoni. Mzee naye alimfundisha kitu kimoja. Nyanya alikuwa ameona lengalenga, mchicha wetu, imeota kando ya reli, nzito, ya kijani, akaanza kuchuma kwa furaha. Mzee akamshika mkono, akatikisa kichwa, akaonyesha udongo, akaonyesha tumbo, akafumba macho kama maiti. Nyanya akaitupa lengalenga yote. “Majani muzuri, udongo mugonjwa,” alisema, na tangu hapo alikuwa akiipita kama mtu anayepita karibu na ndugu aliyelazwa.

Watoto wengine wakaanza kutufuata. Warundi wa jengo la pili, binti za Myemeni, watoto wa Kiamerika wa jirani. Kabla likizo haijaisha tulikuwa mstari mrefu, kila mtu na lugha yake, nyanya mbele. Magugu yakalala, njia ikaonekana. Bwawani nyanya hakuingia majini hata siku moja. Aliketi kwenye nyasi, kitenge magotini, na kila alipotaka kujua kama tumetimia alituita nje ya maji, akatuhesabu kwa kutugusa vichwa vyenye maji. Hata wale wasiokuwa wake waliinamisha kichwa.

Hayo yote, rafiki yangu, yalinipita nikiendesha gari kutoka Columbus kwenda kwa mama.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa shule. Ramani kubwa ukutani, mstari wa kijani umeunganisha bustani, bwawa, uwanja wa shule, maktaba na kijito, viwe eneo moja la mapumziko la watu wote. Mchoraji wa mpango alikuwa dada kijana mwenye penseli sikioni, alieleza vizuri, na moyo wangu ulikuwa pamoja naye. Mama alikuwa ananifuatilia kwa makini, anaitikia kwa kichwa, “Muzuri, muzuri.” Kisha akauona mstari unavyovuka barabara pana. Juu ya lami. Taa na michoro myeupe ya kuvukia, mahali palepale.

Alinibana mkono mpaka ukauma. Halafu akasimama yeye mwenyewe, mbele ya watu wote, mama yangu ambaye huwa anaketi nyuma hata kanisani.

“Pale hapana,” akasema kwa Kiswahili.

Nikatafsiri. Watu wakageuka kumtazama.

“Waambie,” mama akasema. “Pale mutoto wangu alianguka. Taa ni kitu nzuri, lakini mutoto akiona maji haangalii taa.”

Nikawaambia. Yule dada akatoa penseli sikioni. “Mama,” akauliza, akinitazama mimi nitafsiri, “wewe ungepitisha wapi?”

Mama akanigeukia. “Sema,” akaniambia. “Sema pa nyanya yako.”

Nikaenda mbele nikaweka kidole kwenye ramani, nyuma ya maghala. Bwana mmoja akasema kule ni kichaka tu, hapapitiki, hakuna mtu aliyewahi kupita. Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma kabisa ya ukumbi. Alikuwa jirani yetu mzee, ameinamia kigari cha kumsaidia kutembea. “Walipita,” akasema. “Majira ya joto mengi. Mimi ndiye niliyeweka ubao.”

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuona: yule dada, wenzake wawili, mama na mimi. Mzee alibaki ndani ya gari, dirisha wazi, akituelekeza kwa mkono mpaka tukapotea machoni pake. Vichaka vilikuwa vimefunga, tulipita kwa kuinama. Lakini chini ya daraja palikuwa vilevile, pakavu, papana, na lori likapita juu yetu. Yule dada akapima kwa hatua zake, akacheka peke yake, akasema, “Kumbe kazi kubwa imeshafanywa.” Akatoa penseli, akachora kwenye karatasi aliyoiweka juu ya paja.

Hapo ndipo nilipomwona mama amesimama nyuma yetu. Alikuwa anatazama kila kitu taratibu: ukuta, mwanga wa upande wa pili, kijito kinavyong'aa. Nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi kupita. Majira yote yale alikuwa ghalani, nyuma ya ukuta uleule tulioupita kila siku tukiimba, na yeye ndani anafunga maboksi.

“Ni hapa?” akaniuliza.

“Ni hapa, mama.”

“Mimi nilifikiria ni shimo ya takataka. Nilifikiria nyanya yenu anasema ni pazuri juu ya kunituliza.” Akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. “Miaka yote naona ni kama niliwafungia ndani tu. Kumbe mulicheza.”

Mpango ulipita na mstari mpya. Mafundi wameanza chini ya daraja. Mama hunitumia picha kila baada ya ibada. Zingine ni za kidole chake tu.

Mengi yameondoka. Nyanya tulimzika majira ya baridi, ardhi ngumu kiasi kwamba walichimba kwa mashine. Wale watoto wa mstari wametawanyika, mmoja yuko Louisville na mdogo wangu, wengine sijui walipo. Vijimbegu vya kunata vitafyekwa, njia itawekewa lami laini na viti, na hakuna mtoto atakayehitaji bibi wa kutangulia kumtafutia pa kupitia. Nasikitika kidogo, nakuambia ukweli. Halafu naangalia picha ya mwisho aliyonitumia mama: msichana mdogo nisiyemjua, nywele mbichi, anatembea peke yake chini ya daraja akila ndizi, wala haangalii juu.