Chupa ya Mzee Odell

Marlys Torvik alikuwa na chupa moja ambayo sisi sote wa jengo lile la utafiti, pale Madison, Marekani, tulikatazwa kuigusa. Ilikaa kwenye rafu ya ofisi yake, katikati ya chupa tupu zilizojaa majina. Ndiyo desturi yetu: makala ikichapishwa tunafungua kinywaji, walioifanyia kazi wanatia sahihi kwenye chupa, nayo inapanda rafuni. Ile moja tu ndiyo iliyokuwa bado haijafunguliwa. Ilikuwa na mvinyo wa tufaha aliotengeneza baba yake, mzee Odell, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwaka ule binti yake alipopewa maabara.

"Mwanangu," mzee alimwambia siku hiyo, "umesoma mpaka mvi zimeanza kuchungulia, leo unaniambia unafuga nzi?"

"Nzi wa matunda, Baba."

"Awe wa matunda, awe wa mavi, mimi nikimwona zizini nampiga. Haya, shika hii. Siku nzi wako watakapomfaa binadamu, fungua unywe."

Marlys alicheka sana, lakini neno lile alilitia moyoni.

Mimi, mfuga seli, nilikuwa jirani yake, tumetenganishwa na ukuta tu, na nzi wake walinitesa. Wakitoroka, kituo cha kwanza ni kikombe changu cha kahawa. Mwenyewe wala hakujali. Alikaa kwenye hadubini akiimba nyimbo za kanisani kwao, akiwatenga nzi kwa brashi laini kama mtu anayechagua mchele. Ndivyo alivyompata mmoja aliyevimba tumbo. Jeni moja ilikuwa imeharibika, basi seli za utumbo zikawa zinazaliana bila breki.

Watu wa nzi huipa jeni jina la balaa linalotokea ikiharibika, na anayeigundua ndiye anayelichagua. Marlys akaiita Mlafi. Jeni yenye adabu kuliko zote, ambayo kazi yake ni kuziambia seli "inatosha", ikaitwa Mlafi! Ndivyo walivyo watu hawa.

Binadamu naye anayo jeni ya namna hiyo, na katika baadhi ya saratani za utumbo huwa imeharibika. Je, seli hizo zikirudishiwa iliyo nzima, zitatulia? Swali hilo Marlys alilala nalo na kuamka nalo miaka mingi. Mzee Odell alizikwa jibu halijapatikana.

Siku moja Pakou Xiong, mwanafunzi wake wa uzamivu, alitia jeni iliyo nzima katika seli za saratani ya utumbo tulizoletewa na maabara nyingine, zikatulia. Tulipiga vigelegele hadi watu wa ghorofa ya chini wakaja kuuliza. Marlys alikuwa ameshaishika chupa.

"Profesa, subiri kwanza," Pakou akasema. "Sijapima kama hizi seli ni zenyewe."

Ndilo kosa letu sisi wafuga seli: kuamini jina lililo kwenye kibandiko cha chombo. Vipimo viliporudi, zile hazikuwa za utumbo hata kidogo. Zilikuwa zile seli sugu za saratani nyingine tunazozijua sote wa maabara, ambazo tone lake likidondoka kwenye chombo cha seli nyingine, huzaliana upesi na kuwamaliza wenyeji, zikabaki zenyewe. Zilikwisha kuchanganyika hivyo tangu kwa wenzetu waliotuletea.

Marlys angeweza kunyamaza. Ijumaa kwenye mkutano wetu, ambapo mzungumzaji ndiye anayelisha watu, alikuja na beseni la jibini bichi, lile linalolia kwenye meno ukilitafuna, akasimama akaeleza yote.

"Nimewalisha mapema ili msinizomee," alimalizia.

"Jibini tumelipitisha, Marlys," nikamwambia. "Matokeo ndiyo yarudi jikoni!"

"Yatarudi, Gus, na utakoma!"

Watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka nao, na moyoni nilijivuna kuwa jirani yake.

Wakaanza upya, kwa seli zilizotoka hospitali na kupimwa kila hatua. Majira ya baridi yalikuwa yanaisha, barafu ya ziwani inapasuka, Pakou aliponigongea ukuta. "Gus! Njoo mbio!"

Nikainamia hadubini. Chombo cha kwanza, kisichotiwa jeni, seli zilisongamana mpaka zinapandiana. Cha pili, kilichotiwa jeni iliyo nzima, zilikuwa zimetulia.

"Mmezipima?" nikauliza.

"Zimepimwa hadi zimechoka," akajibu Pakou.

Marlys alikuwa analia huku anacheka. Si dawa bado, tulijua. Lakini nzi walikuwa wamesema kweli.

Tukaenda ofisini kwake, chupa ikafunguliwa. Nikawa wa kwanza kuonja, na uso ukanikunjamana.

"Siki! Marlys, hii ni siki tupu!"

Naye akaonja, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Baba! Umeniweza!"

Bado tunacheka, nzi mmoja akatua kwenye ukingo wa bilauri yangu. Akaja wa pili, kisha watoro wote wakatokea walikojificha, maana hakuna wanachokipenda kama siki. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, kwa mazoea.

"Wee Gus!" Marlys akanidaka kiganja. "Waache wanywe. Kazi wameifanya wao."

Nikashusha mkono. Kisha nikaisogeza bilauri yangu, wapate nafasi.