Jezi Iliyotiwa Bitana

Ukimwuliza Ndindi wa mtaa wa Tena, Nairobi, kwa nini karani wa miaka arobaini na saba alinunua baiskeli ya milimani badala ya sofa, atakujibu kwamba sofa haimpeleki mtu Lukenya. Shida ni kwamba kileleni Lukenya alikuwa hajafika bado. Mara tatu alitoka na chama chao cha baiskeli, na mara tatu alipakiwa kwenye pikapu katikati ya mlima, hoi kwa joto, baiskeli imelazwa miguuni pake. Mara ya tatu alilia. Akaapa kwamba akishindwa tena, baiskeli ataiuza.

"Si miguu, ni hiyo fulana," Tobias, kiongozi wa chama, alimwambia. "Pamba ikilowa jasho inakuwa mzigo. Tafuta jezi ya kupitisha hewa."

Alhamisi Ndindi akaomba ruhusa kazini, akadamkia soko la Gikomba kwa Adoyo, muuzaji wa nguo za michezo. Huko ukichelewa bale la mitumba likifunguliwa, utaokota makombo. Ndindi alipima nguo alivyofunzwa na mamake: iliyo nzito ndiyo nguo. Akang'ang'ania moja nene yenye zipu. Adoyo akampokonya.

"Siz, hiyo ni ya baridi. Cheki hii." Akainua jezi ya bluu ya mikono mifupi, akaziba nayo mdomo, akapuliza. Pumzi ikampiga Ndindi shavuni.

"Na mbona inaonyesha mwili hivi? Mimi ni mtu wa kwaya!"

Aliinunua hata hivyo. Lakini kabla hajatoka sokoni alipitia kwa fundi Mbugua, akataka itiwe bitana ya satini kwa ndani, mbele na nyuma.

"Mathe, hii kitu iko na vishimo ndio hewa iingie," Mbugua alimwonya.

"Hewa iingie, macho yasiingie. Shona."

Mbugua akacheka, akashona. Ndindi akarudi nyumbani akijisifu kwamba amepata hewa na heshima kwa mpigo mmoja. Mtaka yote hukosa yote, lakini nani angemwambia siku hiyo?

Jumamosi, saa tano, jua la Lukenya halikuwa na mzaha. Satini ilimganda mgongoni. Kichwa kikaanza kumzunguka palepale pa siku zote. Nyuma yake pikapu ilinguruma polepole, dereva akimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma.

Akashuka. Akamwomba Tobias, aliyekuwa akipanda kando yake, kisu, akajitoma nyuma ya kichaka.

"Na mtu asiangalie huku!"

Mbugua hakuwa fundi wa kubahatisha. Kila mshono aliofumua ulimpa Ndindi jasho jipya. Hatimaye akatokea, nyuzi zikining'inia kila upande, bitana mkononi. Akaitupa ndani ya pikapu.

"Beba hii," alimwambia dereva. "Mimi nitajileta."

Akapanda baiskeli. Upepo ukamwingia kifuani, ukamtokea mgongoni, naye akapiga kelele ya furaha bila haya. Alikwenda polepole, ulimi nje, lakini alikwenda. Wenzake walipomwona akichomoza kileleni walimpigia vigelegele, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kutazama jezi inaonyesha nini.

Ndindi akaketi juu ya jiwe, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Tobias," alisema, akijipapasa mapaja, "miezi minane tangu ninunue baiskeli nimeutukana mwili huu. Kumbe haukuwa na kosa."