Karafuu Zilizokuwa Ngano

Kila asubuhi, kabla ya kugandamiza kileja cha kwanza, biskuti ya kwao Unguja, Mwanaharusi hugonga meza mara mbili kwa muhuri wake wa mbao, kisha hutulia. Utadhani kabisha hodi, anasikiliza kama ndani mna watu. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini. Baada ya hapo kazi huanza. Jua la baridi la Johannesburg huingia jikoni, ghorofa ya sita, mtaa wa Berea, unga wa mchele ukaelea ndani ya mwanga kama vumbi la mahali pengine.

Wateja wanavipenda vileja vyake kwa sababu ya picha. Kila kimoja kina kitawi katikati.

"Karafuu," huwaambia wakiuliza.

Ndivyo alivyofundishwa. Muhuri uliachwa na Mmerikani mmoja, baharia, zama zile meli zao zilipoleta nguo Unguja na kuondoka na pembe na sandarusi. Alioa, akazaa binti mmoja, na asubuhi moja akasema anashuka bandarini mara moja. Hakurudi. Wanawake wa ukoo wakatazama kitawi kile, wakakubaliana kwamba mtu wao alikuwa bwana mkubwa wa mashamba ya karafuu. Wakakubaliana pia kwamba alikuwa mwongo. Wakarithishana yote mawili pamoja na muhuri.

Mama yake, Bi Tabia, bado yuko Kikwajuni, Unguja, na kila simu huimaliza kwa swali lile lile.

"Hujapata habari ya yule mtu? Nataka kujua alikokwenda kabla na mimi sijakwenda."

"Mama, Johannesburg siyo Merikani."

"Si kuna wazungu? Basi ulizia."

Mwanaharusi hucheka. Simu ni ya kuonana, lakini miaka hii miwili anachokiona ni dari na ubawa mmoja wa feni. Mama hajui kuishika simu, hujiambia.

Aliondoka nyumbani miaka ishirini na miwili iliyopita, akasema atarudi kabla ya Ramadhani. Hakusema Ramadhani ipi. Permiti yake ilikufa zamani, na mtu akitoka nchini na permiti iliyokufa hupigwa marufuku ya kurudi kwa miaka. Kwa umri wake, kutoka ni kutoka.

Jiko analichangia na Murielle, msusi kutoka Bukavu. Siku moja Murielle aliupiga picha ule muhuri ili autie kwenye tangazo la vileja, na simu yake, bila kuombwa, ikamletea picha nyingine zinazofanana nao.

"Maman Harusi! Kuja uone. Hii kitu yako iko na bandugu!"

"Ndugu gani tena?"

Walikuwa wengi, wa mbao, wa duara, kila mmoja na kishikio chake, wamejipanga kwenye kioo kama watu waliokuja kupiga picha ya harusi. Murielle akasoma pole pole. Mihuri ya siagi. Karne ya kumi na tisa, huko mashamba ya Amerika, kila nyumba ilipiga chapa siagi yake ijulikane sokoni. Na kile kitawi ni mganda wa ngano uliofungwa kiunoni.

Mwanaharusi akakaa. "Mtume! Kumbe bwana mkubwa wetu alikuwa mkamua ng'ombe."

"Na karafuu yenu iko ngano. Miaka ngapi munadanganya watu, Maman?"

"Nyamaza we. Mbona unavila?"

Muhuri ule hauoshwi, hupanguswa tu kwa kitambaa, maana maji yanapasua mbao. Basi juu ya kishikio samli na unga vilikuwa vimegandamana vikawa ganda jeusi. Murielle akadondosha mafuta ya moto, akachukua kitana chake chenye mkia, akakwangua kwa mkono ule ule anaogawia nywele. Zikatokea herufi, moja moja, kama watu wanaotoka kwenye ukungu. ASA PELL.

Waliwatafuta akina Pell kwenye simu asubuhi nyingi, kabla wateja wa nywele hawajaja. Kumbe serikali ya kule ilihesabu watu kila miaka kumi, na vitabu vimepigwa picha. Akina Asa walikuwa watatu. Mmoja alikufa mchanga, mwingine alikuwa mchungaji wa kanisa. Wa tatu alikuwa jimbo la Vermont, kijijini, katika kitabu cha mwaka 1850. Nyumba ya Hannah Pell, miaka sitini na tisa. Chini yake Asa, miaka thelathini na mmoja, mkulima. Na mwisho wa mstari wa Hannah, kwenye safu ya wenye maradhi na vilema, palikuwa na neno moja. Murielle akalikuza mpaka likajaza kioo.

"Kipofu," akasema.

Kitabu cha 1860, Asa yuko peke yake. Hakuna mke, hakuna mtoto.

"Alirudi sababu ya mama yake," Murielle alisema.

Mwanaharusi alikuwa amekwisha kumwona akilini: kijana barazani, barua mkononi, mkewe anamuuliza kuna nini, na yeye anachukua kofia. Mara moja tu. Labda na yeye mwenyewe aliamini.

Akapiga simu Unguja. Dari, ubawa wa feni.

"Mama, nimempata. Alikwenda kwa mama yake. Mama yake alikuwa haoni."

Kisha sauti ya Bi Tabia, ndogo: "Maskini. Sasa alipoingia, mama yake alimjuaje?"

Mwanaharusi akaisogeza simu karibu na macho.

"Mama, hebu nioneshe uso wako."

"Si huu hapa, mwanangu."

Dari. Ubawa wa feni.

Simu ikachukuliwa. Alikuwa Sumaiya, binti wa kaka yake, ametoka nayo uani. "Shangazi, usitukasirikie. Haoni tangu mwaka juzi. Bibi alituapisha. Alisema ukijua utaacha maisha yako."

Kesho yake Mwanaharusi aligonga meza mara mbili, akatulia kuliko siku zote. Akapanga vileja kwenye sinia, akavichoma, akazima jiko. Muhuri akaufunga katika kanga, akautia mkobani.

Murielle alikuwa na kichwa cha mteja kati ya magoti. "Unaenda wapi, Maman?"

"Nashuka mara moja."

Murielle akatazama mkoba. Akatazama viatu, vile vya Idi. Mkono wake ukasimama kwenye nywele.

"Eish," mteja alisema. "Mbona umeacha?"

"Sharp, sawa, Maman," Murielle alisema taratibu. "Utembee muzuri."

Mlango ukafungwa. Wakasikia hatua zikishuka, ghorofa ya tano, ya nne. Kisha zikasimama, na kutoka chini ikapanda sauti ya mbao ikigonga chuma cha ngazi mara mbili, kama mtu anayepima iwapo bado inasikika vizuri kwa asiyeona. Kisha hatua zikaendelea.

Kwenye sinia vileja vilikuwa bado vya moto.