Uvimbe Uliokataa Kurudi

Uvimbe ule nilikuwa nao tangu nilipoanza kubeba mizigo katika soko la Kikuubo. Ulikuwa kwenye kinena, upande wa kulia, mdogo kama limau. Nikiinua gunia la sukari unatoka. Nikilala chali na kuusukuma kwa vidole unarudi ndani. Wenzangu walisema ni ngiri, wabebaji wengi wanayo, ndiyo maana wazee wa kazi hujifunga kitambaa kiunoni. Nami nikajifunga. Shangazi yangu, ninayeishi kwake, hakujua. Kitu cha sehemu ile ningemwonyeshaje?

Asubuhi moja tulikuwa tunashusha katoni za sabuni. Uvimbe ukatoka, nikahisi kama kitu kimepigwa fundo tumboni. Nikaenda nyuma ya stoo, nikalala juu ya maboksi, nikausukuma. Haukurudi. Ulikuwa mgumu, na kuugusa tu kulinitoa machozi.

Mwenzangu mmoja, mtu mzima mwenye maneno mengi, akanikuta pale.

"Umechoka kabla ya chai, kijana?"

"Imekataa kurudi."

"Inua miguu ukutani, sukuma kwa nguvu. Yangu ni jeuri kuliko hiyo, na huwa inatii."

Nikasukuma mpaka nikatapika. Kwanza ulitoka uji, kisha maji ya kijani, machungu. Akaacha utani.

"Ssebo, bwana wangu, hii si kama yangu," akasema taratibu, akaniitia boda.

Nilimwambia mwenye boda anipeleke nyumbani, si hospitali. Niliogopa kuvua suruali mbele ya wauguzi kuliko nilivyoogopa maumivu. Shangazi alinikuta nimejikunja mlangoni.

"Umekula nini?"

"Ni tumbo tu, shangazi."

Akaleta maji ya tangawizi. Niliyatapika kabla hajakaa. Maumivu yalikuwa yanakuja na kupungua, na kila yalipokuja mkono wangu ulikwenda kinenani wenyewe.

"Mbona unashika huko? Tumbo lako limehamia wapi?"

Nikauondoa mkono haraka.

"Mwanangu, mimi nimekuogesha. Nionyeshe."

Niligeuza uso ukutani, nikafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa nyekundu, ikielekea weusi. Shangazi hakusema neno. Akajitanda leso, akaenda kumwita jirani mwenye gari. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana shangazi yangu si mtu wa kunyamaza.

Hospitalini nilipokewa na daktari wa kike, si mkubwa sana kwangu. Alinigusa mara moja tu. Akatueleza kwamba kipande cha utumbo kimepita kwenye tundu na kunyongwa humo; damu haikifikii, na kikikaa hivyo kitaoza. Ngiri inayorudi ndani inaweza kungoja siku ya kupangiwa. Iliyokataa kurudi, ikauma na kutapisha, haingoji, wala haisukumwi.

"Usimpe hata maji," akamwambia shangazi.

Nilitaka kuuliza kama nitakufa. Nikauliza kama nitabeba tena.

"Kwanza tuone kama utumbo uko hai," akasema.

Nilizinduka nikiwa na mshono. Daktari alisema walikuta utumbo umekuwa mweusi, wakaufunika kwa vitambaa vya uvuguvugu, rangi ikaanza kurudi, kwa hiyo hawakuukata. Lakini kama utafanya kazi au la, tungejua nikitoa hewa kwa chini.

Basi kila musawo, daktari au muuguzi, aliyepita aliniuliza kama imetoka, na wodi nzima inasikia. Hata mzee wa kitanda cha jirani akazoea.

"Bado tu, kijana? Unatubania?"

Watu walicheka. Mimi sikuweza. Tumbo lilikuwa limejaa na kimya kabisa, nami nikalisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza chumba cha mgonjwa. Nilifikiri huenda kile kipande kimekufa mle ndani na hawajui. Shangazi alikaa kwenye kiti akihesabu tasbihi, na kila nilipojigeuza vidole vyake vilisimama.

Adhuhuri ya siku ya pili tumbo likanguruma. Nikakaza macho. Ikatoka, kidogo tu, bila sauti. Nikamvuta shangazi leso, nikamnong'oneza.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akainuka bila kuvaa viatu, akaenda kumtafuta musawo, nami nikamsikia kwenye korido akimpa habari hiyo kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha mwisho.