Symphorien Akaa Nyuma ya Wavu

Mwaka 1951, huku kwenye msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, Symphorien alijulikana kwa nguvu za mikono na kwa hasira. Nguvu zilimpatia kazi ya kubeba mawe kwenye barabara mpya. Hasira ilimkosesha mke. Jioni moja chakula kilichelewa, akaupiga teke mtungi wa Godelieve mbele ya majirani, kisha akainua mkono. Mkono haukushuka, lakini Godelieve alikuwa ameshauona. Alifunga nguo zake akarudi kwa baba yake, Papa Hilaire, mkubwa wa wawindaji wa nyavu.

Symphorien alimfuata akivuta mbuzi wa kuomba radhi. Mzee hakumtazama mbuzi.

“Kesho utakuja ku wavu,” alisema. “Muntu mwenye hasira hawezi kukaa pale. Wewe ukiweza, njo tutazungumza juu ya binti yangu.”

Mlinzi wa wavu huchuchumaa nyuma yake, kimya, wakati wenzake na mbwa waliovalishwa kengele za mti wanawafukuza wanyama kuelekea kwake. Akiinuka mapema, windo limeharibika.

Symphorien aliinuka mapema. Aliposikia kengele ya kwanza tu, aliruka na mkuki, na paa aliyekuwa anakuja akageukia vichakani.

“Ee, mukwe wa Hilaire!” wenzake walimcheka. “Nyama inakuogopa wewe kuliko mbwa. Sasa tunajua sababu ya bibi yako kukimbia!”

Damu ilimpanda usoni. Papa Hilaire alimshika bega.

“Hasira ikikuja, usiifukuze. Iangalie tu. Sikia pumzi ikiingia, sikia ikitoka. Kazi iko hiyo.”

Asubuhi iliyofuata alikaa tena. Hasira ilimjia pamoja na kicheko cha jana. Akaiangalia. Ilimbana kifuani, ikamchoma masikio, ikapungua bila yeye kufanya lolote. Hakuwahi kujua kwamba inaweza kuondoka yenyewe.

Pumzi ikaingia, ikatoka. Msitu ukawa mkubwa ajabu. Alisikia maji yakishuka kutoka jani hadi jani, juu kabisa mpaka chini, na moyo wake ukipiga katikati ya vyote hivyo, mdogo, usio na ugomvi na kitu. Na pale hasira ilipokuwa, aliona kitu kingine kimejikunyata: woga. Ulikuwa wa siku nyingi, na ulikuwa na sura ya Godelieve akiondoka.

Machozi yalimtoka. Kengele zililia, zikakaribia. Hakutikisika. Paa alikuja hadi karibu na goti lake, upande wa pili wa wavu, akamtazama kana kwamba anatazama mti, akaruka na kunasa ndani yake.

Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Jioni, nyumbani kwa Papa Hilaire, Godelieve alimletea maji ya kunawa, akayaweka mbali kidogo.

“Ile siku sikukukasirikia,” Symphorien alisema. “Chakula ilichelewa, nikasema moyoni umenichoka. Niliogopa.”

“Weye? Kuogopa?”

“Hata sasa naogopa.”

Godelieve alimtazama mikono. Ilikuwa imetulia juu ya magoti.

“Na kesho, hasira ikirudi?”

“Itarudi. Nitakaa nayo.”

Godelieve akasogeza maji hadi miguuni pake.

“Basi kaa kwetu mpaka windo liishe. Nikuone ukikaa. Kisha nitasema kama narudi.”

Godelieve alirudi na mumewe nyumbani kwao mvua zilipoanza, akitembea mbele yake.