Handaki la Mashujaa

Mafundi wanachimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Magomeni, na harufu ya udongo mbichi inanirudisha kijijini kwetu, ukingoni mwa Ruvuma, asubuhi ile mtumbwi wa mjomba ulipokutwa umetobolewa.

Mama aliinama akapitisha kidole kwenye tundu. "Jamani, si meno ya kiboko haya?"

"Mama, haya ni mambo ya usalama," alisema mwenyekiti wa kijiji. "Watu wa ng'ambo wametuchokoza."

Wanaume wale wale ambao mwaka mzima walikuwa wakiumwa migongo kila walipoitwa kuchimba choo cha shule, siku hiyo hiyo walichimba handaki refu, tena wakiimba. Kesho yake kila nyumba ikatakiwa kutoa kijana. Magobore yakaazimwa vijiji vya jirani, mapanga yakanolewa, na mwenyekiti na kitambi chake akawa anafundisha watu kupiga saluti. Kabla wiki haijaisha tulikuwa na jeshi, na jeshi likishakuwepo nani atakubali lirudi nyumbani hivi hivi?

Wakavuka mto. Nyumba ya kwanza waliyoichoma ilikuwa ya shangazi yangu, aliyeolewa huko. Alikimbia na mtoto mgongoni, na kwetu hajakanyaga tena.

Waliporudi walipigiwa vigelegele. Kiboko alikuwa pale pale majini, anapiga miayo.

Choo hakikuchimbwa mpaka namaliza shule. Tukibanwa, tulikuwa tunajisaidia ndani ya handaki lao.